Ufunguo wa Tatu

Sanduku letu lina kufuli tatu
na kila kufuli ina mwenyewe:
ya kwanza Dorsila wa genge la mboga,
ya pili mimi, mwandishi wa daftari,
ya tatu Risper Adongo, fundi cherehani.
Tulipanga hivyo tusije tukaibiana.
Homa hatukuipangia.

Mwezi wa tano, waliovaa meupe hadi machoni
walimchukua Risper hapa Nyalenda
uzi ukiwa bado kwenye sindano,
sare ya mtoto wa mtu imeshonwa mkono mmoja.
Ufunguo ukaenda naye karantini,
shingoni, kwenye uzi mmoja na msalaba.
Elfu sitini na mbili na mia nne
zikabaki chini ya kitanda changu
kama mgonjwa asiyeruhusiwa wageni.

Siku hizo kila mtu alikuwa mshauri.
Mpwa wangu Okinda, chuo kimefungwa,
alikaa mlangoni, nami ndani
(nafasi niliipima kwa mti wa ufagio),
akasema, "Shangazi, hisa zimeanguka.
Kilichoanguka ndicho cha kuokotwa."
Nikamuuliza, parachichi au mtu?
Akacheka ndani ya barakoa.

Mama mmoja wa Migosi alinunua tangawizi, magunia mawili,
aliposikia inatibu.
Wiki ya kwanza aliuza kwa kiburi.
Wiki ya tatu tulinusa hasara yake kutoka barabarani.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu, ya karibu:
mtungi shilingi ishirini,
watoto watatu, mikono sita,
mara nane kwa siku, piga mwenyewe.
Kabla ya adhuhuri nilikuwa nakwangua chini.
Na pesa zimelala, nazisikia usiku.

Siku ya kumi na tano simu ikalia.
"Sina kitu. Wamenipa na cheti.
Lakini watu wa ploti wananizunguka kama shimo la choo."
Jioni akaja, akasimama nje ya ua wa mabati,
akasema, "Daka."
Ufunguo ukapita hewani ndani ya chupa ya jiki,
ukigongagonga.
Dawa ilikuwa imeula rangi yote.
Ukazunguka, lakini kwa kulalamika.

Tulifungulia uani, kila mtu na kigoda chake,
Risper upande wake wa mabati, akitazama kwa tundu la msumari.
Sarafu tukazisugua kwenye karai la sabuni,
tukazianika kwenye neti kuukuu ya mbu
kama omena.
Noti tukazibana kwenye kamba, kati ya soksi.
Jogoo wa jirani akadonoa shilingi tano,
akaikataa.

Ndipo tukapiga kura.
Okinda alipewa elfu tano: kaokote hizo parachichi zako.
Elfu kumi na moja, tangi na bomba,
pembeni mwa ploti, juu ya mawe:
mtungi shilingi tano, kunawa bure.
Zilizobaki, mikopo midogo midogo
kwa waliofungiwa biashara.

Usiniulize nani alikuwa mwerevu.
Tangi linavuja kwenye nati.
Hisa zimepanda senti kadhaa, Okinda anatembea kama mwenye kampuni.
Mkopo mmoja ulikimbilia Siaya, haujarudi.

Kikao cha kwanza cha watu wote
Risper aliketi peke yake, mwisho kabisa,
hakuna aliyemwambia akae huko.
Tulipofika kwenye faini akainuka,
akaweka mia moja mezani.
"Vikao viwili nilikosa. Hamsini, hamsini."
Dorsila akasema, "Wewe, hiyo ilikuwa ugonjwa."
"Sheria niliitunga mimi. Andika."

Nikaandika.
Kisha nikaichukua ile noti,
na mkono wangu, bila kuniuliza,
ukaanza safari ya kwenda kwenye karai.
Risper aliona.
Nami nikaona kwamba ameona.

Nikaitia sandukuni ikiwa kavu.