Anwani ya Pafu la Kulia

Baba alikuwa tarishi wa posta, Makete,
miaka ishirini na sita, baiskeli na koti la mvua,
Tandala, Bulongwa, hadi Ikuwo ukungu ukiruhusu.
Huko nyumba hazina namba.
Bahasha iliandikwa: *Kwa Ngailo mwenye pareto,
si yule wa mashine ya kusaga,*
na barua ilifika.

Sasa anakoholea kitambaa chenye maua,
na hapa Mbeya wamemtundikia dripu ya sita.
Inadondoka kama ulanzi kwenye mbeta, anasema,
ila hii hailevi, inatapisha tu.
Dawa imepiga hodi kila mlango,
ulimi, kucha, nywele,
imewaamsha wasiohusika.
"Tarishi gani huyu? Hajui kusoma?"

Nikamweleza tunachohangaika nacho maabara.
Kifuko cha mafuta, baba, kidogo mno:
chukua unywele mmoja, uupasue mara elfu.
"Nitautoa wapi?" Akapapasa upara. Tukacheka
mpaka nesi Tweve akachungulia.

Ndani ya kifuko, dawa mbili.
Moja inavunja mlango wa mbele,
ya pili inakaa uani,
maana saratani ikibanwa sebuleni hutokea jikoni.
Ukizituma mbalimbali, moja huchelewa njiani.
Na juu ya kifuko tunabandika anwani,
kitu cha kuishika seli ile, kuzipita nyingine.

Akanyamaza. Loleza haikuonekana dirishani, mawingu tu.
"Na kama mwenye barua amehama?
Mimi nilirudi na nyingi,
zimeandikwa kwa wino mwekundu: *hajulikani.*"

Sikuwa na jibu. Nina panya kumi na wanne,
tisa wanapumua vizuri.
Sikumtajia miaka, kutoka panya hadi mtu.
Aliyepanda Kitulo na mfuko wa barua mgongoni
hahitaji kuambiwa umbali.

Akaomba kalamu.
Nyuma ya kadi ya kliniki akaandika,
kwa zile herufi zake za kazini, zilizosimama wima:

*Pafu la kulia, chumba cha chini.
Ukivuka ubavu wa sita, umefika.
Usiulize njia kwa moyo, una kazi zake.
Ini usiliamshe.
Mwenye nyumba mkali. Yupo.*

Akanikabidhi, akageukia ukutani, akakohoa kwa muda mrefu.
"Stempu," akasema, "utanunua wewe."