Kamba ya Ghorofa ya Tatu

Asubuhi ya siku ya pili muuguzi Zaruhi
alikuja na karatasi, si na chai.
"Sahihi hapa. Na hapa."
Macho yake yalikuwa kitandani, si kwangu,
maana kitanda kilishapata mwenyewe:
mwanamke koridoni, juu ya kiti cha plastiki,
akipumua kwa kuhesabu.

Sikumlaumu. Juzi kiti kile kilikuwa changu.
Lakini mshono ulikuwa mbichi,
maziwa hayajashuka,
na mtoto hajajua kwamba mimi ni mama yake,
wala mimi sikuwa na hakika.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi;
siku zake za kulala huzihesabu karani.

Vahagn alileta viatu vyangu vya theluji.
Miguu iliyovimba ikavikataa.
Nikatoka na kandambili za wodi,
hatua, pumzi, hatua,
na Vanadzor yote nyeupe, haina habari.

Nyumbani bibi Haykanush alifungua mlango,
akatazama kalenda kwanza, mtoto baadaye.
"Siku mbili?
Hata unga uliokandwa huachwa uumuke."

Kisha akaanza, kama tulivyojua ataanza,
habari za siku zake tisa:
vitanda kumi na viwili, madirisha yaliyobandikwa karatasi kuzuia baridi,
mgeni haingii, mume haingii.
Babu Sahak alisimama uani na kofia yake ya manyoya
akiliita jina lake mpaka kunguru wakalizoea.
Wazazi wakaunga mikanda ya kanzu za hospitali,
fundo kwa fundo,
wakaiteremsha kutoka ghorofa ya tatu,
na chini wanaume wakafunga walichonacho:
chupa ya mtindi,
tufaha ndani ya soksi,
barua ya maneno matatu:
*Pua ya nani?*

"Siku tisa, bibi!" nikasema,
nimekaa kwa paja moja kama mtu aliye tayari kukimbia.
"Siku tisa za kulala! Za kuhudumiwa!"

Bibi akanyamaza.
Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Walimleta mama yako kila baada ya saa tatu,
kwenye toroli, pamoja na wenzake,
wamefungwa, wamepangwa kama mikate.
Dakika ishirini.
Halafu toroli linaondoka, gurudumu moja linalia.
Usiku nilisikia mtoto nyuma ya ukuta
nisijue kama ni wangu.
Siku ya tano niliitazama ile kamba
nikapima kama itanibeba."

Mama alikuwa kwenye simu, kutoka Krasnodar,
uso wake ukiganda na kuachia, ukiganda na kuachia.
Tulidhani mtandao umekatika.
Kumbe alikuwa anasikiliza.
"Yule aliyelia," akauliza, "alikuwa mimi?"

"Nimekwambia sikujua," bibi akasema,
akaenda kutia maji jikoni,
na maji yalichukua muda mrefu kuchemka.

Mimi niliyelilia kitanda,
yeye aliyelilia mlango,
tukanywa chai ileile.

Maziwa yalishuka siku ya nne, saa tisa usiku,
hakuna muuguzi, hakuna fomu,
nguo ya kulalia imelowa hadi kiunoni,
mtoto akameza kwa kelele kama mlevi,
nami nikacheka, mshono ukanikanya.

Hapo ndipo nilipouona mkanda.
Mkanda wa kanzu yangu ya kuogea,
ncha moja imefungwa kwenye mguu wa kitanda cha mtoto,
ncha nyingine imezunguka kifundo cha mkono wa bibi,
naye kwenye kiti, viatu hajavua,
midomo ikihesabu kitu.

"Zimebaki thelathini na sita," akasema gizani.
Hesabu yake ilikuwa ya arobaini;
hakumwuliza Zaruhi.

Nilimrudisha mtoto kitandani polepole.
Mkanda ukakaza kidogo, ukalegea.

"Nikisinzia," bibi akasema, "vuta."