Asilimia Ishirini

Odindo, usikae hapo. Hicho kiti kina mguu mbovu.
Vuta kreti ile ya soda.
Haya, sema: unataka mashine ya baba yako ikimbie
kuliko walivyoiagiza walioiunda.

Najua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Manyatta,
chumba cha mabati, Februari,
mshumaa ukiinama mchana bila kuwashwa.
Kompyuta ilikuwa ya mama, kuukuu, ya kutoka Kibuye,
na ndani yake daftari la chama:
wanawake ishirini na watatu, kila Alhamisi, mia mbili mbili.

Mimi nilitaka magari ya mchezo yasikwame kwenye kona.
Usiku nikaingia ule ukurasa wa buluu
unaotokea kabla mashine haijaamka vizuri.
Kumbe humo ndani mna saa,
inapiga mara bilioni kwa sekunde,
na kijana wa Manyatta anaweza kuisukuma kwa kidole.
Nikaisukuma. Asilimia ishirini, kwa mkupuo.
Ikagoma kuwaka. Nikaiongezea volteji,
kama mtu aliyemzidishia punda mzigo
halafu akamzidishia na kiboko.
Ikawaka.
Ee, Odindo, ilikimbia!

Nilidhani hatari ni cheche, ni moshi,
kitu cha kumfanya jirani apige kelele.
Feni ililia kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua.
Wale wadudu wa ziwani wakafuata mwanga wa skrini,
wakafyonzwa, wakashindiliwa kati ya mapezi ya alumini
kama omena kwenye gorogoro.
Nyuzi themanini? Tisini? Sikupima.
Anayeshinda mbio hapimi joto.

Nayo haikufa. Hapo ndipo pabaya.
Ilianza kukosea.
Polepole, bila kelele, kama karani mwenye homa
anayeandika moja pahali pa saba
na kugeuza ukurasa.

Alhamisi moja jumla ilikataa.
Elfu nne na mia sita hazikuonekana.
Mama akahesabu kwa vidole, akahesabu kwa maharagwe,
akafungua mashine, akaifunga.
Nyar Alego akakunja leso yake taratibu, akasema,
"Hatusemi umekula, Min Ochola. Tunauliza tu."

Unaijua hiyo *tunauliza tu*?
Chai ilipoa, vikombe vyote.

Nilikuwa mlangoni. Nilijua.
Nikachukua mtungi nikaenda kuchota maji,
na pipa lilikuwa limejaa.

Mama alilipa. Cherehani iliondoka
juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka kama mgonjwa.
Wiki mbili baadaye stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo;
pawasaplai ya bei ya kutupa ikatoa mlio mmoja,
nyumba ikanuka sukari iliyoungua na nywele.
Mama akasema, "Afadhali."
Hakuongeza neno.

Nilimwambia miaka sita baadaye. Alikuwa akipepeta mchele.
Hakusimamisha ungo.
"Nilijua," akasema. "Siku ile ulichota maji bila kutumwa."

Shika hii. Ndiyo prosesa yenyewe,
ona kona hii ilivyogeuka rangi ya chai.
Nyepesi, sivyo?
Mimi nikiinyanyua nasikia uzito wa cherehani.

Sikukatazi. Ningekukataza ungeenda kwa Wekulo pale Arina
naye angekufanyia kwa mia tano huku akila mahindi.
Toa vumbi kwanza. Panda hatua moja, ndogo,
uiache ifanye kazi usiku kucha, uamke uisome joto lake.
Ikitetemeka, shuka; kushuka hakujaua mtu.
Ukigusa volteji, jua umegusa umri wake,
na ile karatasi ya dhamana kafungie njugu.

Lakini bisibisi hii sikupi bado.
Niambie kwanza, Odindo:
mle ndani mna nini ambacho si chako?