Pua ya Jibini

Saa kumi na moja nimeyatoa majibini kwenye friji,
maana jibini la baridi ni kama mgeni aliyekosewa jina mlangoni:
litakaa, litatabasamu, halitakwambia neno.
Nje, Besançon yote imelowa.
Mto umechukua rangi ya chai ya maziwa.

Ubao nimeuchonga mwenyewe
kutoka mlango wa kabati la mjozi.
Tulipogawana, Clarisse alichukua meza, viti sita
na droo nzima ya visu. Mimi nikapewa kabati,
na kabati likakataa kupanda ngazi za nyumba hii.
Basi: msumeno, msasa, mafuta, majuma mawili.
Tundu la ufunguo limebaki.
Nimelifunika kwa bakuli la matango ya siki.

Napanga. Sijawahi kupanga.
Miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kufungua chupa.
Comté la miezi ishirini na minne, kipande kama kabari ya mlango,
chembe zake zinalia menoni.
Bleu de Gex, mishipa ya kijani kama mkono wa bibi kizee.
Paja la nguruwe nimelikata kwa kisu cha mkate;
nilitaka vipande vya kupitisha mwanga,
nimepata soli za viatu.
Soseji kavu nimeipanga duara. Duara halikufunga.
Nikaziba pengo kwa zabibu.

Halafu Morbier,
na ule mstari wa majivu katikati:
maziwa ya jioni chini, maziwa ya asubuhi juu,
na masizi ya sufuria yaliyonyunyizwa usiku ili nzi wasitue.
Nililitazama zaidi ya inavyofaa kutazama chakula.

Saa moja kamili, Léone Vuillemin wa ghorofa ya juu.
Miaka themanini na mmoja,
arobaini kati ya hiyo nyuma ya kaunta ya jibini sokoni.
Tunafahamiana kwa fimbo: redio yangu ikipanda,
yeye hugonga sakafu yake, yaani dari yangu.
Nilimwalika kwa karatasi chini ya mlango.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wenye kusema;
hawasemi mwenyeji atatetemeka magoti.

Hakuketi. Aliuzunguka ubao
kama fundi anayekagua ukuta wa mwanagenzi.
"Nani amekufundisha?"
"Hakuna."
"Inaonekana."
Akalivuta Gex mbali na Comté,
"hili linapiga kelele, lile linasimulia,"
akahamisha jozi, akaumega mkate kwa mkono,
akainua bakuli la matango.
Tundu la ufunguo likatutazama sote wawili.
"Kabati," akasema.
"Kabati," nikasema.
Akachagua jozi moja, akaiweka tunduni.
Ikakaa barabara.

Nami kwa ahueni nikashika kisu,
nikakata ncha ya Gex, ile pembe laini ya mbele,
nikaitia kinywani.
Fimbo ikagonga, sentimita mbili kutoka kidole changu cha mguu.
"Pua! Umekula pua!
Jibini hukatwa kwa urefu, kijana,
kila mtu apate pua kidogo
na kila mtu apate ganda kidogo."

Nilikuwa bado natafuna.
Miaka kumi na tisa nimekula pua.
Na Clarisse, nakumbuka sasa,
alisema daima kwamba yeye anapenda ganda.

Tulikula. Soli za viatu alizisifu kwa kunyamaza.
Saa nne akapanda zake,
nusu ya Comté ndani ya leso, ndani ya mfuko wa koti.

Nikaufuta ubao. Ganda la mwisho
nikalila nimesimama kwenye sinki.
Linatafunika. Lina ladha ya udongo na stoo.

Saa tano nikawasha redio.
Fimbo.
Nikapunguza.