Juu ya Nini

Nsimire ameamka kabla ya jogoo wa Mama Cishugi,
na maneno yameamka naye.
Juu ya nini mvua inagonga bati?
Juu ya nini sambaza zimekufa na macho wazi?
Juu ya nini Ashuza hana meno,
ameyaficha wapi?

Napuliza makala. Sijui, nasema.
Muulize baba.
Baba ameshashuka mlima wa Kadutu,
viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Ashuza mgongoni si yule wa juma lililopita.
Fundo la kitenge lilikuwa na masikio marefu ya sungura;
leo nimebaki na ncha mbili
za kushika kwa kucha.

“Gu,” anasema.
“Anataka chai,” Nsimire anatafsiri.
“Gu.”
“Sasa anasema ukae chini. Umechoka.”

Mwiko ukasimama hewani.
Nani kakwambia nimechoka?

“Si Ashuza!
Yeye analala juu ya mgongo yako,
anasikia mambo ya ndani.”

Nikakaa, juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Sambaza zikaungua upande mmoja.
Na tuliposhika sahani akauliza:
juu ya nini zimekuwa nyeusi?