Mpelelezi wa Takada

Mjukuu wangu Ryohei kaniachia mashine
na mchezo wake wa masamurai,
akarudi chuoni Sendai na soksi moja.
Theluji imefika usawa wa dirisha.
Nimekaa, miguu chini ya blanketi la meza yenye moto,
maganda ya chenza yamejaa kisahani.
Nina miaka themanini na sita
na majimbo manne.

Katika mchezo huu upanga hautoshi.
Ukiteka ngome leo, kesho wakulima wananong'ona,
keshokutwa wameshika mundu.
Hapo ndipo unapomwajiri yeye,
mtu wa kimono ya kijivu, hana jeshi wala farasi,
anayekaa mjini akatazama.
Macho hayana pazia: ndiyo kazi yake yote.
Akikaa, utulivu hupanda nukta tatu.
Mchezo hausemi hupandaje.

Mashine ikaniuliza jina lake.
Nilidhani nitaandika lolote.
Vidole vikaandika Kuwabara Tokuji.

Kuwabara aliuza tofu, mlango wa tatu kutoka kwetu.
Alfajiri alipuliza tarumbeta yake ndogo,
mama akatoka na bakuli.
Baridi ile, vita vikiwa vimekolea,
baba, mwalimu wa hesabu, aliandika daftarini
kwamba mchele utakwisha kabla ya vita.
Hesabu tu. Alionyesha na njia.
Wakaja wawili wenye kofia,
wakavua viatu vyao kwa adabu mlangoni,
wakanywa chai yote.
Baba alivaa vyake akiwa katikati yao.
Mama aliendelea kununua tofu,
maana asiyenunua angeonekana.

Kwa hiyo nilimwajiri Kuwabara ili nimuue.

Nikamtuma kumkamata muuaji wa usiku kule Kai.
Nafasi ya kufaulu: tisa kwa mia.
Nikabonyeza, nikamenya chenza.
Akarudi na mtu kamfunga kamba.
Nikamtuma kuhonga jeshi zima kwa kijimfuko cha dhahabu,
kumi na nne kwa mia.
Jeshi likavua bendera, likaja nyuma yake kama bata.
Kila akirudi ana nyota mpya kifuani.
"Babu, usimpoteze huyo," Ryohei akaniambia kwenye simu.
"Mtu kama huyo hupati mara mbili."

Juzi nilikesha kwa sababu yake.
Alikuwa peke yake katika mji wa adui
nami nilimwogopea.

Kuna jambo sijamwambia Ryohei,
wala mama hakulijua hadi anazikwa.
Siku moja kabla ya zile kofia,
mlango wa tatu,
mtoto wa miaka mitano alipewa kipande cha tofu ya kukaanga,
cha moto, kimenyunyiziwa chumvi,
akaulizwa baba huandika nini usiku.
Akajibu vizuri, hakuruka hata namba moja.
Alikuwa na kichwa cha hesabu, kama babake.
Akapewa kipande cha pili.

Sasa Kuwabara nimemweka Takada, mji wetu wenyewe,
ulivyochorwa na watu ambao hawajawahi kufika:
vilima si vyake, mto umepinda upande usio wake.
Jemadari wangu, Murai, utii wake unashuka,
sijui kwa nini, sikumkosea kitu.
Kuwabara anamtazama. Mji umetulia.
Kuna kitufe cha kumwachisha kazi,
chekundu, kidogo, kimejibanza pembeni.
Nimekipitia mara nyingi kama mtu apitaye kaburini bila kuvua kofia.

Leo nimetoka na koleo kabla ya gari la theluji.
Mlango wa tatu wanakaa wageni, vijana, wana mbwa.
Taa ya jikoni kwao imewaka saa kumi na moja kasorobo.
Jana iliwaka saa kumi na moja na dakika tano.
Yule mwanamume amevaa koti ambalo si la kazini.
Nimesimama na koleo mkononi,
theluji inanijaa mabegani,
bado sijachota hata mara moja.