Ufagio Uache Hapo

Saa nne na robo, ghala la zamani la kahawa,
Njoro, nyuma ya reli.
Drili ya Elinami ikaingia darini
ikatoa mlio mkavu, si wa mbao,
kama jino kukuta jiwe ndani ya wali.
Kisha vumbi. Jeupe, jepesi,
likishuka kwenye mwanga wa dirisha
bila haraka yoyote.

"Zima. Shuka. Usijikung'ute."

Yeye tayari ameshika ufagio.
Nani angemlaumu? Kule Kibosho mama yake
alimtoa kitandani kabla jogoo hajamaliza,
uwanja ubaki na mistari, mgeni asikute jani.
Tumelelewa hivyo: uchafu ukianguka, unaufuata.
Leo nikamwambia adabu imegeuka.
Ufagio uache hapo.
Hili ukilifagia, unaliamsha.

Feni tukazima. Tukatoka mmoja mmoja,
polepole, kama watu waliobeba maziwa.
Manka akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini
kwa tambara lililolowa,
akaandika kwa mkaa: MTU ASIINGIE.

Bosi simuni: "Si vumbi tu, Kirita?
Mwageni maji mwendelee."
Nikasema, bosi, dari hili lilipigwa
kabla baba yako hajaoa.
Mpaka wapimaji waje waseme si asbesto,
kwetu sisi ni asbesto.
Akanyamaza. Nikasikia akihesabu hasara.
Na mimi nilikuwa nahesabu, ila vitu vingine.

Ovaroli tukazilowesha, tukazivua,
mfuko ndani ya mfuko, fundo juu ya fundo.
Tukaoga bombani, kichwa kwanza,
maji ya mlimani yanayouma hadi kwenye ufizi,
wachambuaji kahawa ng'ambo ya ukuta
wakitucheka wazee wazima.

Nimerudi nyumbani na jezi ya timu ya ghala,
namba tisa, inanibana tumbo.
Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.
Ndeshi kanirukia begani
kama anavyofanya kila jioni.

Kila jioni.

Usiku nimefungua daftari:
tarehe, saa, chumba, majina matatu.
Kalamu ikasimama.
Kuna dari tulilolibomoa Boma Ng'ombe,
mwaka ule Ndeshi anatambaa.
Tulifagia vizuri sana siku ile.
Tulisifiwa.
Nimeliandika nalo, bila tarehe,
siikumbuki.